Chanjo ya homa ya ini C: seli T zikiamka, kinga imepatikana?

Kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa, hapa Mbeya, mtu mmoja alituma picha ya kichwa cha habari kilichosema chanjo ya homa ya ini C imeamsha kinga mwilini. Hapakuwa na tarehe wala jina la gazeti. Majibu yakamiminika. Mmoja akauliza inapatikana hospitali gani na bei yake. Mwingine akasema yeye alishachanjwa kazini, sindano tatu, na kadi anayo. Wa tatu akaandika kwamba chanjo ipo siku nyingi ila wenye viwanda wameificha ili dawa ziendelee kununuliwa. Niliyasoma yote nikiwa kwenye daladala kutoka Uyole, na hata kabla sijashuka Mwanjelwa nilishaona kwamba kila mmoja anaongelea jambo lake, na wote wanadhani wanaongelea jambo moja.

Nianze na mwenye kadi, maana watu kama yeye ni wengi.

Homa ya ini ni jina la jumla. Ini likivimba kwa kushambuliwa na virusi, tunasema mtu ana homa ya ini, lakini virusi wanaoleta hali hiyo wako wa aina tano: A, B, C, D na E. Kufanana kwao kunaishia kwenye jina na kwenye ini wanaloliumiza. Mbeya tunalielewa hili vizuri. Watu kibao wana majina yanayoanza na Mwa-, ila huwezi kwenda kudai deni la mmoja kwa mwenzake. A na E husambaa zaidi kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. B, C na D hupita kwenye damu, na B hupita pia kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua.

Kadi ya yule bwana ni ya B. Ndiyo chanjo hiyo hiyo wanayopewa watoto wetu kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ikiwa imechanganywa na chanjo nyingine ndani ya sindano ya pentavalenti. Watu wazima huchomwa sindano tatu ndani ya miezi sita. Ni chanjo nzuri sana na aitunze kadi yake, lakini haimlindi hata kidogo dhidi ya C. Mpaka leo hakuna chanjo ya homa ya ini C iliyoidhinishwa popote duniani.

Sasa C yenyewe. Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari waliona watu wakiugua ini baada ya kuongezewa damu, wakipima A hakuna, wakipima B hakuna, ndipo wakauita ugonjwa huo "si A si B". Wanasayansi watatu, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2020 kwa kazi ya kukifichua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 wanaishi na maambukizi sugu ya C, wengine milioni 1 hivi huambukizwa kila mwaka, na mwaka 2022 peke yake watu wapatao 242,000 walikufa, wengi kwa ini kusinyaa na saratani ya ini. Huu ni ugonjwa mkimya. Mtu anaweza kukaa nao miaka 20 analima, anafanya biashara, analea watoto, huku makovu yakijijenga kwenye ini pole pole.

Kuna jambo moja kuhusu C ambalo ndilo chimbuko la utafiti wote wa chanjo. Katika kila watu 10 wanaoambukizwa, karibu watatu hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita, bila dawa yoyote. Saba hubaki nacho. Kama miili ya hao watatu inaweza, basi kuna kitu wanachokifanya, na mtu akikijua huenda akawafundisha wale saba. Kitu gani?

Hapa naomba tupande mpaka Ilembo, kule Umalila, kwa shangazi yangu, ambako mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi inauma mpaka kwenye kucha. Shangazi analima viazi mviringo. Vikiwa bado shambani, silaha yake ni bomba la mgongoni. Anapiga dawa juu ya majani kabla ukungu haujaingia. Dawa inakutana na ugonjwa nje, ukiwa njiani. Lakini viazi vikishavunwa na kulundikwa stoo, bomba linatundikwa ukutani, kwa sababu ugonjwa ulioingia ndani ya kiazi haupulizwi ukatoka. Hapo shangazi anavuta kigoda, anashika kiazi kimoja kimoja, anakibonyeza kwa kidole gumba na kukisogeza puani. Kiazi kinaweza kuwa na ganda zima, zuri kabisa, ila kikibonyezwa kinatoa unyevu kidogo na harufu. Hicho kinatupwa pembeni, kisije kikaozesha lumbesa nzima.

Mwili wako nao una bomba na una kidole gumba. Bomba ni kingamwili, protini ndogo zinazoelea kwenye damu na kumnasa mvamizi akiwa bado nje ya seli. Chanjo nyingi tunazozijua hutegemea hizo zaidi, na ya B ni mojawapo: kingamwili humshika kirusi kabla hajagusa ini. Kidole gumba ni seli T. Hizi hazihangaiki na kirusi kinachoelea. Kazi yao ni kukagua seli za mwili zenyewe na kutafuta ile ambayo kirusi kimeshajificha ndani yake.

Zinajuaje cha ndani zikiwa nje? Kila seli ya mwili ina desturi ya kutoa vipande vidogo vya protini inazozitengeneza na kuvining'iniza juu ya ganda lake, kama harufu na unyevu wa kile kiazi. Seli ya ini iliyotekwa inalazimika kutengeneza protini za kirusi, kwa hiyo vipande vya kirusi navyo huning'inia. Seli T ikipapasa na kukutana na kipande cha kigeni, inaiangamiza seli hiyo au inakizima kirusi kilichomo. Seli T ziko za namna mbili ambazo tunazihitaji hapa. Kuna wauaji, wanaoitwa CD8. Na kuna wasaidizi, CD4, ambao watu wa mikoa yetu wanawajua kwa jina kwa sababu ndio waliokuwa wakihesabiwa kila mtu wa VVU alipokwenda kliniki. Wasaidizi hawaui, ila wanawatuma na kuwatia nguvu wauaji.

Ushahidi kwamba seli T ndizo zinazowaokoa wale watatu ulitoka kwa sokwe, mnyama pekee anayeambukizwa C kama binadamu. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha kazi mbili za sokwe waliokuwa wameshapona. Katika ya kwanza walipunguza CD8 mwilini mwa sokwe, kisha wakawapa kirusi tena. Kirusi kikadumu kwenye damu mpaka CD8 zilipoanza kurudi, ndipo kikaondoka. Katika ya pili walipunguza CD4. Wauaji walikuwepo, lakini bila wasaidizi wao kirusi kiligoma kuondoka. Kwa watu pia ikaonekana kwamba wanaopona wenyewe huwa na seli T nyingi na imara zinazotambua sehemu nyingi za kirusi, na wanaobaki na ugonjwa seli zao huwa chache au dhaifu.

Kwa nini basi saba washindwe, na wao seli T wanazo? Kwanza ni muda. Kirusi hujaa kwenye damu ndani ya wiki moja au mbili, lakini seli T za kukikabili huonekana vizuri kwenye wiki ya sita au ya nane. Zinakuta nyumba imeshaingiliwa.

Pili, kirusi hiki kinabadilika mno. Kimeandikwa kwa RNA, yaani herufi zinazobeba maelekezo yake ya kuzaliana, na mtambo wake wa kujinakili hausahihishi makosa, kwa hiyo kila siku huzaliwa nakala zenye tofauti ndogo ndogo. Kipande ambacho seli T ilijifunza kukitambua leo, kesho kina umbo jingine. Duniani kuna makundi makubwa 8 ya kirusi hiki kwa vinasaba vyake, na kila kundi lina matawi. Kingamwili nazo husumbuka kwa sababu hiyo hiyo, maana koti la nje ndilo linalobadilika kuliko sehemu zote. Isitoshe, kirusi hujivika mafuta ya damu ya mgonjwa mwenyewe, kikapita kama mwenyeji.

Halafu kuna ini. Damu yote inayotoka tumboni hupitia kwenye ini ikiwa imebeba kila tulichokula. Fikiria mpaka wa Tunduma na foleni yake ya malori. Ofisa akilichukulia kila lori kama la mhalifu, biashara ya Zambia na Kongo itasimama siku hiyo hiyo. Ini limejifunza kuwa pole ili lisishambulie ugali na maharage, na upole huo kirusi kinautumia.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kuchoka. Mwulize yeyote aliyeshinda kutwa nzima akichambua viazi vilivyooza. Asubuhi pua inashika harufu kwa mbali, jioni haishiki tena hata kiazi kikiwa mkononi. Seli T zikikutana na kirusi kile kile siku nenda rudi, wiki baada ya wiki, huota juu yake vizuizi vinavyozipunguzia kasi. Bado zipo, unaweza kuzihesabu, lakini hazifanyi kazi.

Hapo ndipo wazo la chanjo ya seli T lilipozaliwa. Kama shida ni kuchelewa na kuchoka, tuziandae mapema, kirusi kikiingia kikute seli ambazo ni nyingi na bado zina nguvu. Na tuzifundishe kutambua mitambo ya ndani ya kirusi badala ya koti lake, kwa kuwa mitambo haibadiliki ovyo kama koti.

Chanjo iliyofika mbali ilitengenezwa na kampuni ya Okairos, ikajaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa Marekani. Sindano ya kwanza ilitumia adenovirusi wa sokwe aliyeondolewa uwezo wa kuzaliana. Huyo ni mbebaji tu, kama bodaboda. Kifurushi chake ni maelekezo ya kutengeneza zile protini za mitambo ya ndani. Baada ya wiki 8 ilikuja sindano ya pili yenye kifurushi kile kile lakini bodaboda mwingine, MVA, ambaye ni kirusi aliyedhoofishwa tangu enzi za chanjo ya ndui. Mbebaji alibadilishwa kwa makusudi, kwani mwili ukishamjua wa kwanza utamzuia getini kabla hajakabidhi mzigo. Ndani ya sindano zote mbili hapakuwa na kirusi kamili cha C, kwa hiyo chanjo hiyo haiwezi kumpa mtu ugonjwa. Nasema hivi kwa sababu hofu hiyo naisikia sana.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya watu wenye afya waliojitolea. Seli T ziliamka kwa wingi, CD4 na CD8, zikadumu, na zilifanana na za watu waliopona wenyewe. Hizi ndizo habari zilizozaa vichwa vya habari kama kile kwenye kundi letu.

Na hapa lugha yetu wenyewe inatutega. Kwa Kiswahili neno "kinga" linabeba mizigo miwili. Tunasema kinga ya mwili tukimaanisha askari wote waliomo mwilini. Tunasema pia mtu ana kinga tukimaanisha haugui. Mtafiti akiandika kwamba chanjo imeamsha kinga, anamaanisha askari wameamka na wamehesabiwa kwenye maabara. Msomaji anaelewa kwamba watu wamelindwa. Kati ya hayo mawili kuna safari ndefu, na chanjo hii ndiyo iliyotuonyesha urefu wake.

Kati ya mwaka 2012 na 2018 chanjo ilijaribiwa Marekani, katika miji kama Baltimore na San Francisco, kwa watu 548 wanaojidunga dawa za kulevya. Walichaguliwa wao kwa sababu ndio walio katika hatari kubwa ya C, kwa kuchangia sindano. Nusu walipata chanjo, nusu sindano isiyo na chanjo, na hakuna aliyejua amepata ipi. Katika waliochanjwa, asilimia 78 seli T zao ziliamka. Maabara ikafurahi. Kisha wakahesabu waliobaki na ugonjwa sugu: kwenye kundi la chanjo watu 14, kwenye kundi lisilo na chanjo watu 14.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na nilipoyasoma mara ya kwanza nilirudia ile namba mara mbili. Lakini soma na iliyo pembeni yake. Kwa wale walioambukizwa, kiwango cha juu kabisa cha kirusi kwenye damu kilikuwa wastani wa kama 152,000 kwa mililita kwa waliochanjwa, na zaidi ya 1,800,000 kwa wasiochanjwa. Yaani seli T zilifika, zilikagua, zilitupa vilivyooza, zikakipunguza kirusi zaidi ya mara 10. Kisha zikashindwa kumaliza kazi. Sababu zinazojadiliwa ni hizo hizo tulizopita nazo: chanjo ilifundisha tawi moja tu, la 1b, wakati mitaani watu walikutana na matawi mengine, na tena hapakuwa na kingamwili za kumsubiri kirusi nje.

Kwa kweli Mbeya tulishaona jambo la namna hii kwa karibu kuliko tunavyodhani. Kituo cha utafiti cha NIMR hapa mjini kimeshiriki majaribio ya chanjo za VVU kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja, TaMoVac, uliofanyika Mbeya na Dar es Salaam, wakazi wa kawaida wa mikoa hii walijitolea kuchomwa chanjo ya DNA kisha MVA, bodaboda yule yule wa pili, na seli T zao zikaamka vizuri. Baadaye ukaja utafiti mwingine, PrEPVacc, Mbeya ikiwemo tena pamoja na Uganda na Afrika Kusini, na mwezi Novemba 2023 uchomaji wa chanjo ukasimamishwa kwa kuwa hapakuwa na dalili kwamba ingezuia maambukizi. Nawasikia watu wakisema walichezewa. Mimi nawaheshimu sana wale waliotoa mikono yao, kwa sababu bila wao tungebaki na namba za maabara tukiziita kinga.

Nije kwa yule anayesema chanjo imefichwa ili dawa ziuzwe. Namba za 14 kwa 14 zilichapishwa wazi na waliotengeneza chanjo na waliosimamia utafiti, na hakuna anayeficha kitu kisha akatangaza kwamba kimeshindwa. Kuhusu dawa ana hoja moja ya kweli: dawa zipo, tena nzuri ajabu. Tangu mwaka 2013 zimekuja tembe zinazoizima mitambo ya kirusi moja kwa moja, na mtu akimeza wiki 12 hivi, uwezekano wa kupona kabisa unapita asilimia 95. Kupona, maana yake kirusi hakipo. Hilo VVU na B bado hatuna. Anayemwambia mgonjwa wa C kwamba amekwisha, au anampeleka kwenye mizizi ya kusafisha ini ambayo baadhi yake huliumiza ini lenyewe, anamnyima kitu kikubwa.

Dawa hata hivyo haziachi ulinzi. Aliyepona akichangia sindano au wembe wenye damu kesho yake, anaweza kuambukizwa upya. Na wengi hawajui kama wanao, kwa hiyo hawafiki kwenye dawa. Misri wanalijua hili. Kampeni za sindano za kichocho, zilizoanza miaka ya 1950 na kurudia sindano ambazo hazikuchemshwa vizuri, zilisambaza C nchi nzima, na ilibidi miongo baadaye wapime mamilioni ya watu na kuwatibu. Huku kwetu maana yake ni kukataa wembe wa pamoja, iwe saluni au wakati wa kuchanjwa chale. Sahani, kikombe, kukumbatiana na kunyonyesha havisambazi C.

Jambo jingine linalotisha watu bure: kipimo cha kwanza cha C hutafuta kingamwili, siyo kirusi. Mtu anakwenda kuchangia damu, ambayo Damu Salama huipima VVU, B, C na kaswende, anaambiwa damu yake imeonyesha C, anarudi nyumbani anaandika wosia. Huenda ni mmoja wa wale watatu waliopona bila kujua. Kingamwili hubaki kama kovu. Kinachosema kama kirusi kipo leo ni kipimo cha pili, cha RNA, na ni haki yake kukiuliza.

Nilipomweleza shangazi haya, mikono yake ikiwa bado kwenye gunia, hakushangaa kwamba kidole gumba peke yake kilishindwa. Aliuliza tu, "Mwanangu, sasa kwa nini wasipige dawa shambani na kuchambua pia?" Ndiko utafiti unakoelekea. Maabara kadhaa sasa zinaunda chanjo zinazobeba protini za koti, ili zilete kingamwili, pamoja na protini za mitambo ya ndani, ili ziamshe seli T, na baadhi zinatumia teknolojia ya mRNA iliyojulikana wakati wa UVIKO. Na kwa kuwa C sasa inatibika, wanasayansi wanajadili kuwaomba watu wenye afya, wanaoelewa na kukubali, wachanjwe, wapewe kirusi chini ya uangalizi, kisha atakayeshindwa kukiondoa apewe tembe na apone. Njia hiyo ingepunguza kusubiri miaka sita kujua jibu. Shangazi aliwaza kidogo, akakibonyeza kiazi kingine, akauliza kama hao watu watalipwa nauli.